Mafungu Ndani ya Mafungu: Barua kwa Yohana

Nkuhungu, Dodoma
14 Juni 2025

Ndugu yangu Yohana,

Mbukwa! Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, ila upepo wa Juni unatupiga kweli asubuhi.

Programu yako nimeisoma yote, nikaona heri nikuandikie barua kuliko kukutumia meseji za vipande vipande. Una orodha ya mizigo inayoshushwa ghalani hapo Kibaigwa, na kila rekodi ina wilaya, kata, mkulima, zao, kilo na tarehe. Bosi anataka kuiona kwa wilaya, ndani ya wilaya kata, ndani ya kata zao. Wewe umeweka lupu (amri ya kurudia kazi) ya wilaya, ndani yake lupu ya kata zake, ndani yake tena ya mazao, na kila ukifika ndani kabisa unaichuja orodha nzima upya. Jibu linatoka sahihi. Lakini tazama kazi inayofanyika: kata 20, mazao 5, rekodi 4,000, hapo rekodi zinakaguliwa mara 400,000. Ndiyo maana kompyuta inasuasua.

Waangalie vijana wanavyoshusha lori. Hawalipekui lori zima kutafuta alizeti, halafu wakaanza upya kutafuta karanga. Gunia likishuka linakwenda kwenye fungu lake, na kama fungu halipo linaanzishwa papo hapo. Kwa lugha ya programu ya Python ni hivi:

mti = {}
for r in rekodi:
    w = mti.setdefault(r["wilaya"], {})
    k = w.setdefault(r["kata"], {})
    k.setdefault(r["zao"], []).append(r)

Hiyo setdefault inatafuta ufunguo, yaani jina la fungu, kwenye kamusi (hizo {}); ukiwepo inakurudishia kilichomo, usipokuwepo inaweka kitu kipya na kukupa hicho. Orodha inapitiwa mara moja tu, na hayo mafungu ndani ya mafungu ndiyo ninayoyaita mti.

Umeuliza kama ngazi ya wilaya inaweza kuondolewa kwa kuwa mizigo mingi ni ya Kongwa. Usiiondoe, nakusihi. Kuna kata ya Mlali ya Kongwa na kuna Mlali ya Mvomero, mkoani Morogoro, na lori la kutoka Morogoro linafika Kibaigwa bila shida. Ukitumia jina la kata peke yake, kilo za wakulima wa mikoa miwili zinaingia fungu moja, na programu haitalalamika hata kidogo. Vivyo hivyo kwa maandishi: "Mlali", "mlali" na "Mlali" yenye nafasi mwishoni ni funguo tatu tofauti. Safisha majina kabla ya kupanga, maana ukishapanga mkulima anaonekana hana mzigo kumbe umekaa fungu la jirani.

Kuhusu ile groupby ya itertools (moduli ya Python) uliyoiona, inafaa, ila inakusanya rekodi zilizofuatana tu. Kongwa ikija, ikafuata Mpwapwa, kisha Kongwa tena, utapata mafungu mawili ya Kongwa. Ni lazima kwanza uipange orodha kwa mfuatano wa ufunguo uleule. Na kwa ule ukurasa wa JavaScript, Object.groupBy imo kwenye kiwango cha lugha tangu 2024, lakini inapanga ngazi moja; ya ndani unaiita tena kwa kila fungu. Ufunguo ukiwa ni namba nzima kama 2024 na 2025, objekti (kitu kinachobeba mafungu hayo) itazitanguliza na kuzipanga kuanzia ndogo, hata kama wewe ulianza na 2025. Ukitaka mpangilio wako ubaki, tumia Map, kamusi ya JavaScript inayotunza mfuatano ulioweka.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote haya. Nimeona umekusudia kuhifadhi ule mti kwenye faili na kuifuta orodha ya mwanzo. Tafadhali usifanye hivyo. Wilaya, kata, zao: hilo ni swali la bosi wako wa leo. Kesho mnunuzi wa alizeti atauliza kwa zao kwanza, kisha kata. Mhasibu atataka kwa mwezi, halafu mkulima. Orodha iliyonyooka inawajibu wote watatu kwa kubadilisha funguo tu, lakini mti uliokwisha kufungwa itabidi uubomoe kila mara. Na rekodi ikihitaji kusahihishwa, kwenye orodha unaigusa mahali pamoja. Kwenye mti, kubadilisha kata ya mzigo ni kuuhamisha tawi, na jumla ulizokwisha kuzihifadhi zinabaki za uongo. Nadhani tabia hii ya kuhifadhi ripoti badala ya kumbukumbu ndiyo inayowapotezea wakulima haki zao kwenye maghala mengi. Orodha itunze, mti ujenge kila ripoti inapotakiwa. Rekodi 4,000 hazichukui hata sekunde.

Jambo dogo la mwisho: kata ambayo haikuleta karanga haitakuwa na fungu la karanga. Bosi akitaka kuona sifuri, anza na orodha ya kata zote na mazao yote, ujaze sifuri kila fungu, ndipo upitishe rekodi.

Nitumie rekodi kama ishirini hivi, majina ya wakulima ukiwa umeyaondoa, niijaribu huku. Mpe mama shikamoo yangu, na mwambie zile karanga zilifika salama.

Rafiki yako,
Amosi