Barua ya Malalamiko: Kurunzi Mbili kwa Watu Tisa

Mombasa,
4 Agosti 2025.

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Bwana/Bibi,

MINT: SAFARI YA PANGO LA KITUM, MLIMA ELGON, JUMAMOSI 12 JULAI 2025

Nimengoja siku 21 ndipo nikaandika. Sababu ya hesabu hiyo mtaiona mbele.

Tulikuwa tisa, wote jamaa moja, na kila mmoja alilipa shilingi 6,500 kwa matembezi ya siku moja: msitu, mapango ya Kitum na Makingeny, kiongozi mwenye leseni, kurunzi kwa kila mtu na chakula cha mchana cha moto. Hayo mliyaandika wenyewe kwenye WhatsApp, na bado ninayo.

Gari lilikuwa lituchukue Kitale saa kumi na mbili asubuhi. Lilifika saa tatu na nusu. Kwetu Pwani kipupwe ni kujitanda leso jioni basi. Julai ya Elgon ni mvua, ukungu na baridi inayogonganisha meno, na tulisimama ndani yake saa tatu na zaidi, dada yangu mkubwa akiwa na pumu. Njiani tulishuka mara mbili kusukuma gari kwenye tope. Kwa tope siwalaumu. Chakula cha moto kilikuwa mkate na soda baridi; hilo nalo nalipita.

Msitu wenyewe sina neno nao. Tuliona mbega wakirukaruka juu ya mipodo ambayo watu wanne hawaikumbatii, na Makingeny, maji yakiporomoka mbele ya mdomo wa pango, ilimnyamazisha hata kijana wetu asiyenyamaza. Nayasema haya mjue sikuja kutafuta kasoro.

Kasoro ilijileta tulipofika Kitum. Kiongozi alitoa kurunzi mbili kwa watu tisa, na moja ikazimika kabla hatujapoteza mwanga wa mlangoni. "Tumieni simu," akasema. Pango lile linaingia ndani ya mlima takriban mita 200, na mna ufa ambamo ndama wa ndovu wamewahi kutumbukia wakafa. Ndovu hao huingia humo usiku, kizazi baada ya kizazi, kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Ikiwa ufa umewashinda wenyeji hao, mimi na simu yenye chaji ya asilimia 12 je? Kiongozi hakuutaja. Nimeujua baadaye.

Hata hivyo, lililonishikisha kalamu hasa ni popo.

Mwana wa kaka yangu, wa miaka 14, aliteleza gizani akaangukia kiganja juu ya mavi ya popo. Kiganja kilichanika. Kiongozi alicheka, akamwambia ajipanguse kwa suruali. Hakukuwa na glavu, maji ya kunawa wala kisanduku cha huduma ya kwanza. Usiku ule, Kitale, daktari aliyemfunga jeraha aliuliza tulikokuwa. Nilipotaja Kitum aliweka kalamu chini.

Ndipo nikaambiwa na daktari, si na nyinyi, kwamba mwaka 1980 mtu aliyekuwa amezuru pango hilo alikufa kwa virusi vya Marburg, ndugu wa Ebola, na mwaka 1987 mvulana wa Kidenmaki wa miaka 15 naye akafa kwa ugonjwa huohuo baada ya kuingia humo. Popo wa matunda ndio wanaovibeba virusi hivyo. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Dalili huweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, kwa hivyo kwa siku 21 nimempima mtoto wa watu joto asubuhi na jioni, na kila alipokohoa mama yake alinipigia simu.

Najua wengi huingia Kitum wakatoka salama, na sisi pia tumetoka salama. Lakini Januari mwaka huu Tanzania ilitangaza mlipuko wa Marburg mkoani Kagera. Kampuni inayouza mapango haiwezi kusema haijawahi kulisikia jina hilo. Mngetuambia, watu wazima tungeamua wenyewe, na watoto wangebaki Makingeny wakitazama maji.

Nilipowapigia mlinijibu kwa ujumbe: "Pole, msitu ni msitu," na punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo. Safari ipi?

Nataka nusu ya nauli ya watu tisa, yaani shilingi 29,250, pamoja na gharama ya matibabu, shilingi 4,800, risiti nimeambatisha. Nataka pia kila mteja wa Kitum apewe onyo la popo na la ufa kwa maandishi kabla ya kulipa, nami nitumiwe nakala. Nawapa siku 14. Baada ya hapo barua hii, pamoja na ahadi zenu za WhatsApp, itakwenda kwa mamlaka inayowapa leseni.

Kurunzi iliyozimika ninayo pia. Kiongozi wenu aliisahau mkononi mwangu.

Wenu,

(Sahihi)
Shangazi wa kijana, kwa niaba ya wasafiri tisa