Kaka, usingoje matundu

Kaka,

Shikamoo. Ujumbe wa wifi niliupata jana usiku nikitoka kazini, nikausoma mara mbili nimesimama mlangoni. Anasema daktari bingwa amekupangia upasuaji wa kuondoa upande wa kulia wa utumbo mpana, kwa kufungua tumbo, nawe umekataa kutia saini. Unataka utafutiwe hospitali wanakopasua kwa matundu madogo, kwa kuingiza kamera bila kufungua tumbo, kama nilivyofanyiwa mimi. Hapo ndipo usingizi uliponiruka, maana mimi sikumalizwa kwa matundu.

Naomba unisamehe. Mwaka jana, nilipotolewa saratani ya utumbo, niliwaambia kuwa nimetobolewa vitundu vinne na nimetoka salama. Nilitobolewa kweli. Kisha nikafunguliwa. Nilisema nusu ya habari kwa ajili ya Mama, alivyokuwa hapati usingizi, na sasa nusu hiyo ndiyo unayoishikilia wewe.

Asubuhi ile daktari alinisomea fomu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: tutaanza kwa matundu, tukikwama tutafungua. Nilitia saini huku nawaza mengine. Nilipozinduka kwenye nusu kaputi, nilipeleka mkono tumboni kutafuta plasta ndogo ndogo. Nikakuta bandeji moja ndefu, imeanzia juu ya kitovu ikashuka hadi karibu na kinena. Nililia, Kaka. Nilijua wamekuta saratani imetapakaa.

Wala haikuwa hivyo. Unakumbuka kidole tumbo kilichonipasukia nikiwa sekondari? Usaha ule uliacha makovu ndani, matumbo yakagandana yenyewe kwa yenyewe na kushika ukuta wa tumbo. Kamera ilipoingia ilikutana na utando mtupu. Daktari alijaribu kuuachanisha, akaona akiendelea bila kuona vizuri atanitoboa utumbo, akafungua. Kesho yake aliniambia kwamba kufungua si kushindwa. Siku ile sikutaka hata kumtazama.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja aliyefanyiwa kwa matundu siku hiyo hiyo. Nilimwonea wivu usio na haya. Jioni yeye ameketi kitini. Mimi nikitaka kukohoa nakumbatia mto tumboni kwanza. Kilichomuuma zaidi ni bega! Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili liinuke kama hema na vyombo vipate nafasi, na hewa hiyo husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu yakajitokeza begani. Siku ya 4 alikwenda kwake. Mimi nilikaa siku 8, kwa sababu utumbo ulichelewa kuamka (samahani kwa kusema, lakini wodi nzima ilikuwa ikingoja nijambe), na mwisho wa kidonda ulitunga usaha. Wiki 6 sikuruhusiwa kunyanyua kitu kizito, na hadi leo nikikohoa najipapasa nisije nikawa na ngiri kwenye kovu. Kwa hiyo sikudanganyi: anayepata matundu hupata nafuu mapema, na kidonda chake hakimsumbui kama changu.

Lakini hata yeye alikuwa na mkato. Watu husahau hilo. Kipande cha utumbo chenye uvimbe hakipiti kwenye tundu lenye upana wa kidole. Walimwongezea mkato wa sentimita chache karibu na kitovu ili wakitoe. Na kazi ya ndani ni ile ile: kukata utumbo mbali na uvimbe pande zote mbili, kuondoa na tezi za limfu zinazoufuata, kisha kuunga ncha mbili zilizobaki. Maabara hutaka kupata tezi 12 au zaidi ili waseme kwa uhakika kama ugonjwa umesambaa. Zangu zilikuwa 19, zote safi, na zilitoka kupitia tumbo lililofunguliwa.

Nilimuuliza daktari kama kufunguliwa kumenipunguzia siku za kuishi. Akanieleza kwamba miaka ya 1990 hofu ilikuwa kinyume: waliogopa kwamba matundu yangepanda mbegu za saratani kwenye ngozi. Ndipo Marekani wakafuatilia wagonjwa 872, na mwaka 2004 wakachapisha majibu. Baada ya miaka 3 saratani ilikuwa imewarudia 16 katika kila mia upande wa matundu, na 18 upande wa kufunguliwa, tofauti isiyo na uzito. Na kati ya walioanza kwa matundu, mmoja katika kila watano aliishia kama mimi.

Sasa wewe. Wifi anasema picha ya CT skani imeonyesha uvimbe mkubwa, umeshika ukuta wa tumbo, na utumbo umeanza kuziba. Kaka, utumbo uliovimba kwa kuziba hujaa tumbo lote, kamera haina pa kupenya. Daktari wako hana tamaa ya kisu, ameitazama picha. Ukizunguka mwezi mzima kutafuta matundu, utumbo ukaziba kabisa au ukapasuka, utafunguliwa vilevile, ila usiku wa manane, na huenda ukaamka na mfuko wa choo tumboni ambao leo pengine usingeuhitaji.

Kesho mwulize amefanya wangapi wa aina yako, ataondoa tezi kiasi gani, na siku gani atakuruhusu kutembea. Omba wakutoe kitandani mapema, hata ukitukana. Ukisharudi nyumbani, homa ikipanda au tumbo likiuma zaidi badala ya kupungua, usisubiri pakuche, rudi hospitali. Ile sehemu iliyoungwa huweza kuvuja.

Mama nitampigia mwenyewe Jumapili, kwa video, nimwonyeshe kovu lote kutoka juu hadi chini. Mwambie wifi asimtangulie.

Mdogo wako