Kabla hujanunua tairi: tuliyojifunza kwa fundi Sheldon Brown

Wateja wengi huingia karakanani kwetu na tairi jipya mkononi. Wamelinunua kwa sababu limeandikwa 26, na la zamani nalo liliandikwa 26, lakini limekataa kukaa kwenye ringi. Wapo wanaolilazimisha kwa bisibisi mpaka tyubu inatoboka. Muuzaji hakuwadanganya na wao hawakusoma vibaya. Kasoro iko kwenye namba zenyewe, na aliyetufumbua macho kuhusu namba hizo ni fundi wa Marekani ambaye hatukuwahi kuonana naye, marehemu Sheldon Brown.

Sheldon alizaliwa mwaka 1944, na kwa miaka mingi alikuwa fundi wa Harris Cyclery, duka la baiskeli lililokuwa West Newton, jirani na Boston. Intaneti ilipoanza kuingia majumbani miaka ya 1990, alianza kuandika kila alichokijua na kukiweka wazi, asimtoze mtu hata senti. Alitunga kamusi nzima ya maneno ya baiskeli. Aliandika namna ya kusuka gurudumu kuanzia spoku ya kwanza, namna ya kukokotoa gia, namna ya kufufua baiskeli ambazo viwanda vyake vilishafungwa. Ukimwandikia swali, alikujibu, hata kama unaishi mahali ambapo huwezi kuja kununua chochote dukani kwao.

Mwisho wa maisha yake alipatwa na maradhi ya mfumo wa fahamu yaliyomnyang'anya taratibu nguvu za miguu. Aliposhindwa kumudu magurudumu mawili, alihamia baiskeli ya magurudumu matatu akaendelea kuendesha, na kuandika hakuacha. Alifariki Februari 2008, akiwa na miaka 63. Duka lenyewe nalo limeshafungwa, ila maandishi yake bado yanasomwa, na rafiki yake John Allen aliendelea kuyatunza na kuyaongezea.

Turudi kwenye tairi. Neno "26" halitaji kipimo kimoja. Baiskeli za milima zenye tairi pana, zile zilizoandikwa 26 x 1.95 au 26 x 2.10, ringi yake ina kipenyo cha milimita 559 pale tairi linapokalia. Baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile za kikapu mbele, kwa kawaida huandikwa 26 x 1 3/8, na kipenyo chake ni milimita 590. Tofauti ni milimita 31. La kwanza halitapanda kwenye ringi ya pili hata ulivute vipi, na la pili likiwekwa kwenye ringi ya kwanza litacheza na kuchomoka.

Sheldon aliliweka jambo hili katika kanuni aliyoipa jina lake mwenyewe: matairi mawili yakiwa na vipimo vilivyo sawa kihesabu, lakini kimoja kimeandikwa kwa desimali na kingine kwa sehemu, basi hayabadilishani. 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4 ukizipiga hesabu ni kitu kimoja, ila kwenye ringi ni matairi mawili tofauti. Ukikumbuka hilo tu, umeshaokoa hela yako.

Lililo bora zaidi ni kutafuta namba nyingine, ndogo, iliyochongwa ubavuni mwa tairi kwa mtindo wa 50-559 au 37-590. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha ringi, zote kwa milimita. Upana unaweza kubadilika kidogo bila shida. Ya pili lazima ilingane kabisa.

Wenye Phoenix na baiskeli nyingine ndefu za breki za vyuma, sikilizeni zaidi. Baiskeli hizi zilifuata mtindo wa Raleigh za Uingereza, na Sheldon alizipenda mno baiskeli za Kiingereza za zamani, akaziandikia kwa kina kuliko wengi. Tairi lenu ni 28 x 1 1/2, kipenyo milimita 635. Siku hizi yapo pia matairi ya baiskeli za kisasa yanayouzwa kwa jina la 28, lakini kipenyo chake ni 622. Milimita 13 zinatosha kukuharibia safari ya sokoni.

Kwenye Phoenix kuna na ile pini inayoshika mkono wa pedali. Tumeona nyingi zikitolewa kwa kugongwa nyundo huku baiskeli inaning'inia hewani. Kila pigo linapita kwenye ekseli na kuishia kwenye gololi, na bakuli za gololi zinaingia makovu. Ndiyo maana baada ya "matengenezo" baiskeli inaanza kukwaruza pale katikati. Sheldon alifundisha kuegemeza mkono wa pedali juu ya kipande cha bomba kilichosimama sakafuni, pini ikiwa juu ya tundu la bomba, ili nguvu ya nyundo iende ardhini. Tunacho kipande hicho karakanani, kimekatwa kwa urefu wa Phoenix. Tukimwona mteja anashangaa, tunamwita asogee aangalie, na akitaka kwenda kukata cha kwake nyumbani tunampa kipimo.

Na cheni. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakikuvutika. Pini na matundu yake yamelika kidogo kidogo, na jumla yake ndiyo huo urefu. Kuipima unahitaji rula ya inchi tu. Weka alama ya sifuri katikati ya pini moja, kisha angalia inchi ya 12. Kwenye cheni mpya, pini itaangukia hapohapo kwenye 12. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, yaani kama milimita moja na nusu, badilisha cheni sasa, na friwili yako, ile gia ya nyuma yenye meno, huenda bado ni nzima. Ikifika 1/8, umechelewa: meno yameshachongoka, na cheni mpya itaruka juu yake kila ukikanyaga kwa nguvu. Hapo utanunua vyote viwili. Sisi tungependa tukuuzie cheni peke yake.

Katika kazi hii wapo wanaoamini kwamba mteja akijua, fundi atakosa riziki. Sheldon alifanya kinyume, na duka dogo la mtaani likawa linatafutwa na watu kutoka nchi za mbali kwa vipuri ambavyo hawakuvipata kwao. Tunaliona hilo hata hapa. Anayejua kupima cheni yake huja mapema, huja na swali lililonyooka, na akitoka humleta jirani yake.

Kwa hiyo karibuni. Kupimiwa cheni ni bure, na kuulizia saizi ya tairi ni bure, hata kama utakwenda kununua kwingine. Piga picha ya namba iliyo ubavuni mwa tairi lako la zamani ututumie kabla hujafunga safari. Kama maandishi yameshafutika, lete gurudumu lenyewe, tairi likiwa limetolewa, tulipime ringi mbele yako.