Risala ya Walimu wa Madarasa ya Chini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Muhula

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Wajumbe wa Kamati ya Shule,
Walimu wenzetu, wazazi na walezi,
Wapendwa wanafunzi,
Itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru pia wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo. Risala hii ni ya walimu wa darasa la kwanza hadi la nne. Tutajitahidi kuwa wafupi, maana hawa walioketi mbele hapa wameshaona keki ilipo.

Habari za madawati, vyoo na upungufu wa walimu zimo kwenye taarifa ya Mwalimu Mkuu, naye atazieleza vizuri kuliko sisi. Sisi tumeomba nafasi ya kusema jambo moja ambalo huonekana dogo: sherehe za sikukuu zinazofanyika ndani ya madarasa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo wanaosema sherehe hizi zinapoteza vipindi, na kwamba ziachiwe nyumbani na nyumba za ibada. Hatukubaliani nao. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, unatambua katika ibara ya 31 haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki katika maisha ya utamaduni. Na hata tukiuweka mkataba pembeni, mwalimu yeyote wa darasa la pili anamjua yule mtoto asiyenyoosha mkono muhula mzima. Siku akiulizwa kwao sikukuu huandaliwaje, husimama akaeleza mpaka kengele ikalia, na njiani anawasahihisha wenzake waliodhani wanajua.

Somo lililotunufaisha zaidi limetokana na kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Idi el Fitri ya mwaka 2023 iliangukia Aprili. Ya mwaka 2030 inatarajiwa Februari. Mtoto akiendelea kupiga hesabu hiyo mwenyewe, anakuta kwamba ndani ya mwaka 2030 mwezi wa Ramadhani utaanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Hapo hubisha, hurudia kutoa na kujumlisha, na mwalimu hana haja ya kumbembeleza afanye hesabu. Pasaka nayo ina kanuni yake: ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi, kwa namna Kanisa linavyouhesabu mwezi huo. Ndiyo maana kwa makanisa ya Magharibi haitangulii tarehe 22 Machi wala haivuki tarehe 25 Aprili. Yapo makanisa yanayofuata kalenda ya zamani ya Julius Caesar, na Krismasi yao huwa tarehe 7 Januari. Diwali ya Wahindu huja Oktoba au Novemba, Hanukka ya Wayahudi huchukua siku nane, na Noruzi, yaani mwaka mpya wa Kiajemi, kwa kawaida huangukia tarehe 20 au 21 Machi, mchana na usiku vinapokaribia kulingana. Hesabu, jiografia na sayansi zote zimo humo, kabla hata puto moja halijapulizwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo pia changamoto, na ya kwanza ndiyo inayotuuma zaidi. Katika darasa moja kuna watoto ambao wazazi wao, kwa imani yao, hawasherehekei. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawaadhimishi Krismasi wala siku za kuzaliwa. Njia iliyozoeleka ni kumpeleka mtoto huyo maktaba mpaka wenzake wamalize. Anakaa pale na kitabu, ukurasa uleule, kwa sababu makofi yanasikika ng'ambo ya ukuta. Hakuna aliyekusudia kumwadhibu, lakini mwambie mtoto wa miaka 7 kwamba ile si adhabu uone kama ataelewa.

Tumejifunza kwamba sehemu kubwa ya tatizo hili huisha pale tunapotenganisha kufundisha sikukuu na kuiadhimisha. Kueleza kwa nini Waislamu hufunga au kwa nini Wahindu huwasha taa ni somo, na wazazi wengi hawana shida nalo. Kuwataka watoto wote waimbe wimbo wa ibada wa dini moja ni jambo jingine kabisa. Ibara ya 14 ya mkataba tuliokwisha kuutaja inalinda uhuru wa dini wa mtoto na kuheshimu wajibu wa wazazi kumwongoza. Kwa ile sehemu ya shamrashamra, tunapendekeza iwekwe kipindi cha mwisho, ili mzazi asiyependa amchukue mwanawe mapema bila kukosa somo. Na yenye vyakula isipangwe mchana wa Ramadhani. Mtoto aliyeanza kujaribu kufunga hastahili kupewa sahani aishike huku wenzake wakila.

Changamoto ya pili ni fedha, na hapa tutasema wazi. Kubadilishana zawadi kwa kuokota majina kunapendeza machoni pa wageni, ila kila mara kuna mtoto ambaye aliyeokota jina lake hakuja, au kwao hawakuwa na uwezo. Wenzake wanachana karatasi za rangi, yeye ameweka mikono mapajani na kutabasamu kwa shida. Zawadi zitengenezwe darasani, kwa karatasi na gundi zilezile kwa wote. Ndiyo, gundi itafika kwenye nywele na sare, wazazi mtuvumilie.

Kadi za Siku ya Mama nazo zinahitaji busara. Yupo mtoto anayelelewa na bibi, aliyeandika “Kwa Bibi” kwa penseli, herufi ndogo, kisha akaifunika kadi kwa kiganja mwalimu alipopita. Maelekezo yakisema tangu mwanzo kwamba kadi ni ya yeyote anayekulea, hakuna wa kuficha chochote.

Kuhusu usalama hatutarefusha. Karanga, maziwa na mayai ni miongoni mwa vyakula vinavyowaletea baadhi ya watoto mzio mkali, na dalili zinaweza kuanza ndani ya dakika chache. Vipande vya puto lililopasuka vinaweza kumkaba mtoto, hasa wa chini ya miaka 8. Na wapo watoto, wakiwemo wenye usonji, ambao muziki wa sauti ya juu huwatesa. Hao waandaliwe kona tulivu.

Kutokana na hayo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi kwako. Tunaomba utusaidie kushawishi mamlaka za elimu zitoe mwongozo wa maandishi kuhusu sherehe za darasani, ili mwalimu asibaki kuamua peke yake huku mzazi amesimama mlangoni. Tunaomba mwongozo huo uzuie michango ya lazima kwa ajili ya sherehe, na badala yake shule itengewe fungu dogo la vifaa vya kazi za mikono. Tunaomba pia mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walimu wa madarasa ya chini, yakiwemo matumizi ya sindano ya adrenalini kwa mtoto aliyepatwa na mzio mkali. Kwa upande wetu, kuanzia muhula ujao kila mzazi atapokea barua wiki mbili kabla ya sherehe yoyote, yenye orodha ya vyakula na shughuli zote, pamoja na nafasi ya kuandika asichokitaka kwa mwanawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Ahsante.