Damseli awe wa mwisho kuingia katika tangi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nipinge shauri moja lililotolewa hivi karibuni katika safu yenu ya mapambo ya nyumba. Mwandishi aliwaambia wanaotaka kuanzisha tangi la maji ya chumvi, lenye miamba na matumbawe, kwamba watangulize samaki wanaoitwa damseli, au demwazeli kwa wanaofuata majina ya Kifaransa, kwa sababu bei yao ni nafuu, rangi zao zinapendeza na hawafi upesi. Hayo yote matatu ni kweli. Ninachokipinga ni kuwatanguliza.

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kutunza matangi ya samaki katika ofisi na nyumba za watu, na mara nyingi ninapoitwa kwa sababu samaki wapya wanakufa, napima maji na kuyakuta hayana kasoro, ila ndani yake yumo damseli aliyeingia kabla ya wenzake wote.

Shauri hilo halikutoka hewani. Tangi jipya huwa halijapata bakteria wa kutosha wa kugeuza amonia, inayotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti na kisha nitrati. Na mpaka bakteria hao wazaliane, jambo ambalo kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita, maji hubaki na sumu inayounguza matamvua, yaani viungo ambavyo samaki hupumulia. Wafugaji wa zamani walikuwa wakitia damseli wachache humo kwa kuwa wao ndio waliovumilia mateso hayo. Leo hakuna haja ya kufanya hivyo. Mtu anaweza kutia amonia isiyo na manukato wala sabuni, au kuacha chakula kidogo cha samaki kioze ndani ya tangi tupu, akawa anapima maji kila baada ya siku chache, na bakteria watazaliana vilevile bila samaki hata mmoja kuungua.

Shida huanza pale maji yanapotengemaa, kwa sababu damseli aliyevumilia sasa anajiona mwenyeji. Jamii yake, ambayo wataalamu huiita Pomacentridae, ina karibu aina 400, na hata wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wanaoishi ndani ya anemone, mnyama wa baharini mwenye minyiri, na ambao kila mtoto anawataka, ni wa ukoo huohuo. Baharini baadhi yao, hasa wa jenasi (yaani kundi la aina zinazokaribiana) iitwayo Stegastes, ni wakulima kabisa: hushika kipande cha mwamba, hung'oa mwani wasioupenda na kwenda kuutema mbali, na huulinda ule wanaoula dhidi ya samaki wanaowazidi ukubwa mara kadhaa. Dume lenye mayai yaliyogandishwa kwenye jiwe huyapepea kwa mapezi yake na kumvamia kila anayekaribia, hata mkono wa mpiga mbizi. Mtu wa Lubumbashi hahitaji maelezo mengi hapa: samaki huyo ana lupango wake, yaani kiwanja chake, anaujua mpaka, na akimkuta mgeni ndani hamwulizi karatasi. Tofauti ni kwamba baharini anayefukuzwa huenda zake, ilhali katika tangi la lita 200 damseli mmoja anaweza kulifanya tangi zima kuwa lake, na mgeni hana pa kwenda.

Niliitwa katika ofisi moja ya mjini kumtazama samaki aliyesemekana kuwa mgonjwa. Alikuwa Nemateleotris magnifica, samaki mwembamba na mpole, mwenye mwiba mrefu wa pezi mgongoni ambao kwa kawaida huupandisha na kuushusha bila kupumzika. Alikuwa amejibanza kwenye kona ya juu, nyuma ya hita, mwiba ameulaza, mkia umechanika, anapumua mbio. Chini yake, mbele ya tundu la mwamba, alielea damseli mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus. Nilipodondosha chembe za chakula, yule mwembamba alitoka kidogo kuzifuata. Papo hapo mweusi akapanda, akamgonga ubavuni, akarudi tunduni bila hata kukigusa chakula. Mwenye tangi aliniomba dawa. Hakuna dawa ya hilo. Samaki anayetishwa namna hiyo hali chakula, mwili wake hudhoofika, na ndipo ugonjwa wa madoadoa meupe, unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans, unapopata nafasi. Mwenye tangi huona madoadoa na kutibu madoadoa, na aliyeyasababisha anaendelea kulinda tundu lake.

Damseli wote hawafanani, na hapa ndipo safu yenu ingewafaa wasomaji zaidi. Chrysiptera parasema, wa buluu mwenye mkia wa manjano, hufikia sentimita 7 hivi na ni miongoni mwa wapole, ingawa naye ana siku zake. Chromis viridis, wa kijani hafifu, huishi kwa makundi na hawasumbui sana samaki wengine. Wao kwa wao ndio hudonoana ndani ya tangi mpaka kundi likapungua. Chrysiptera cyanea, wa buluu tupu, ni mkali kuliko umbo lake. Lakini wale wa jenasi Dascyllus, yaani mweusi niliyemtaja na Dascyllus aruanus mwenye mistari mitatu myeusi, mimi singewatia kabisa katika tangi dogo lenye samaki wengine. Mweusi huuzwa akiwa mdogo, madoa yake yakiwa meupe safi, na mnunuzi haambiwi kwamba atakua hadi kufikia sentimita 14, kwamba madoa hayo yatafifia, wala kwamba ukali utazidi kadiri anavyokua.

Wasomaji waliowahi kufuga samaki wa Ziwa Tanganyika watasema kwamba Tropheus nao ni wakali, na kwamba hufugwa kwa kundi kubwa ili ukali ugawanyike na asionewe mmoja peke yake. Ni kweli, na kwa samaki hao hila hiyo inafaa. Lakini katika tangi la matumbawe la lita 200 huwezi kujaza damseli kwa kiasi hicho bila kuyaharibu maji, na ukitia wanne au watano tu, mkubwa wao huwamaliza wadogo mmoja baada ya mwingine.

Kwa hiyo utaratibu ugeuzwe. Waingie kwanza wapole na waoga, wapewe muda wa kuchagua mashimo yao na kula bila hofu, kisha mwishoni kabisa aingie damseli, awe mmoja, na awe mdogo kuliko wenyeji. Kwa wale ambao tayari wanaye, kila anapoletwa samaki mpya inafaa kupanga upya miamba ili mipaka ya zamani ivurugike, kuzima taa, na kumweka mgeni ndani ya kisanduku chenye matundu humohumo tangini kwa siku kadhaa mpaka mwenyeji amzoee. Asichaguliwe mgeni anayefanana naye kwa rangi na umbo, maana huyo ndiye atakayeshambuliwa zaidi. Yote hayo yakishindikana, damseli atolewe, na mwenye tangi asipoteze siku akimfukuza kwa wavu kati ya miamba: chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa kuelekea ndani, na chakula kikawekwa humo, humnasa kwa sababu ya uchoyo wake mwenyewe.

Swali ni kwamba akishatolewa atapelekwa wapi. Hapa tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, wenye matangi ya maji ya chumvi tunahesabika, na kumtupa katika mto Lubumbashi ni kumwua, kwa kuwa maji matamu hayawezi. Kumjengea tangi lake la lita 100 ni kununua kilo tatu na nusu za chumvi ya bahari kwa kuanzia tu, kwa kipimo cha gramu 35 kwa lita, pamoja na pampu na hita nyingine ya kuhangaikia umeme unapokatika katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai. Samaki aliyenunuliwa kwa sababu ni wa bei nafuu huishia hivyo kuwa ghali kuliko wote.

Naiomba safu yenu, inapotaja samaki wa tangi, iandike pia ukubwa wao wakiwa wazima na nani atangulie kuingia, na kwa shauri hili la damseli ichapishe masahihisho kabla wasomaji hawajafanya ununuzi.

Wenu,
Mtunza matangi ya samaki,
Lubumbashi