Namba 11 zibaki kwenye pakiti

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Safari ni Ijumaa, na wewe unataka kuvua nyuzi za namba 10 uvalishe gitaa namba 11 Alhamisi usiku. Usifanye hivyo. Sauti nene unayoitafuta unastahili, na vidole vyako sasa vinaiweza, hilo nakubali. Ila si usiku huo.

Namba hizo ni unene wa uzi kwa elfu za inchi, kuanzia mwembamba hadi mnene. Seti ya 10 hadi 46, kwa tyuni ya kawaida, huvuta shingo kwa takriban kilo 46. Ya 11 hadi 49 huvuta karibu kilo 53. Hizo kilo saba zinaipinda shingo mbele, nyuzi zinapaa juu ya freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na daraja lako la springi, pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa, linanyanyuka nyuma. Itabidi ukaze skrubu mbili za springi mgongoni mwa gitaa mpaka daraja likae sawa, kisha ukaze chuma cha ndani ya shingo, robo mzunguko tu kwa mara moja. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, uchungulie freti ya saba: upenyo wa robo milimita unatosha. Halafu uache shingo ilale hadi kesho yake, maana mbao hutulia polepole, ndipo upime tena. Una kesho hiyo? Huna. Tena kichwa cha chuma hicho kimeanza kulika. Si wewe; ufunguo uliotumika haukuwa saizi yake, na aliyeushika ndiye anayekuandikia.

Weka 10 mpya, za chuma zilizopakwa nikeli. Zile za bronzi ni za gitaa lisilo la umeme. Bronzi haivutwi na sumaku, na pikapu, kile kinasa sauti cha sumaku chini ya nyuzi, itazisikia kwa mbali.

Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukivua zote, springi zitalivuta daraja lizame. Legeza kwanza ndipo ukate. Acha kama sentimita 5 kupita kigingi cha kukazia uzi, mizunguko ishuke chini, miwili au mitatu. Nyuzi nyembamba ongeza kidogo. Sugua risasi ya penseli kwenye mifereji ya kichwani. Kisha uvute kila uzi kwa vidole, tyuni, vuta tena, mpaka sauti yake isishuke. Hatua hii ndiyo unayoiruka siku zote, halafu unalilaumu gitaa.

Na ule uzi wa kwanza unaokukatikia? Kipande ulichoacha mezani ni kifupi kama kidole na kina kile kishanga cha mwisho, basi ulikatikia darajani. Kuna makali pale unapolalia. Pitisha msasa laini, namba 600 au zaidi, kidogo tu.

Ukimaliza kupiga, futa nyuzi juu na chini. Jasho hukaa chini, wewe unafuta juu pekee. Pitisha ukucha chini ya nyuzi nene. Ukihisi mabonde palipo freti, zimekwisha, hata kama zinang'aa.

Namba 11 tutaziweka ukirudi, mchana, bila haraka. Usizibebe, nakujua.

Matambaa ya pamba yamo mfuko wa mbele wa begi. Mdogo wako anadai chaja yake. Na ukitoka alfajiri, funguo ya mlango wa nyuma iache msumarini, mama yako hataki tena kupitia dirishani.

Baba