Asante, uliyetuachia karatasi bila jina

Wewe uliyechomeka karatasi ile ndani ya kitabu cha nyimbo, Mungu akubariki. Tunakushukuru hapa kwa kuwa hatukujui.

Maelekezo yako ni mafupi: jioni, kabla ya sala, andika mambo matatu ya kushukuru, kila moja likiwa na aliyetenda na alichotenda. "Mungu ni mwema" haitoshi. "Jirani alinibebea ndoo", hapo sawa. Zaburi 136 imejengwa hivyohivyo: mistari 26, mingi ikitaja tendo mahususi, kisha kiitikio kilekile.

Orodha ikianza kujirudia, afya, familia, chakula, basi ni mazoea tu, hamishia asubuhi. Jina la mtu likitokea, mpelekee asante yake kesho. Siku ya msiba, omboleza kwanza, kama zaburi nyingi zinavyofanya. Jambo moja latosha.